Ndege ya Matete na Utepe wa Kiboko

Hodi na hadithi!
*Ingia nayo!*
Ina meno!
*Itung'ate!*
Ina mkia!
*Tutaushika!*
Na atakayesinzia?
*Kiboko amkalie!*

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliyejilaza ubavu, keti, hadithi hii si ya kubembelezea usingizi. Mimi kila nikiisimulia hasira hunipanda, na leo nataka ziwapande na ninyi.

Hapo kale wanyama wa nchi ya Bondeni waliishi upande mmoja wa korongo. Korongo lenyewe refu, kuta zake wima, na chini kabisa bwawa la maji meusi tii. Ng'ambo ya pili kulikuwa na mlima, na huko mlimani ndiko yalikoota majani machungu, dawa ya homa ya masika. Huku Bondeni hayakuota. Yalipandwa, yakakataa. Yakapandwa tena, yakakataa tena.

Kila masika homa ilikuja. Kila masika watoto walitetemeka, tetete, tetete, meno yakigongana. Na kila masika Tai alikuja akatua juu ya jiwe, akajipanga manyoya, akauliza, "Nani anataka majani?"

Kila mtu alitaka.

"Nauli mnaijua," husema Tai.

Waliijua. Nauli ilikuwa mtoto mmoja. Ukiwa na watoto watano wagonjwa, unamtoa mmoja, Tai anamla, wanne unaletewa majani yao. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Mtoto aliwe ili nduguze wapone, na mzazi asimame pale aseme, ahsante Bwana Tai kwa kutukumbuka.

Sasa alikuwapo Buku mmoja, yule panya mkubwa wa mashavu. Mjane. Alizaa watoto watatu. Masika ya kwanza akamtoa mmoja, wakapona wawili. Masika ya pili akamtoa mmoja, akapona mmoja. Masika ya tatu yananukia, na nyumbani amebaki binti mmoja tu, Siwema. Haya, nyie wenye akili, niambieni. Siwema akiugua, nauli ni nani?

Bi Buku hakulia. Machozi aliyamaliza masika yale mawili. Alijifunga kanga kiunoni akaenda kwa shoga yake Buibui.

"Shoga, nataka kutengeneza ndege."

"Kutengeneza nini?"

"Ndege. Kitu cha kuruka. Nivuke mwenyewe, nichume mwenyewe, nirudi mwenyewe."

Buibui akamtazama kwa macho yake yote manane. "Umekula?"

"Nimekula."

"Umelala?"

"Sijalala."

"Nikadhani. Haya, unataka uzi kiasi gani?"

Huyo ndiye shoga. Hakuuliza umesomea wapi, wala nani amekutuma. Aliuliza uzi kiasi gani.

Wakaanza. Buku akatafuna matete, kwaru, kwaru, kwaru. Buibui akafunga viungo, zii, zii, zii. Matete yakawa mifupa, majani makavu ya mgomba yakawa mabawa, ulimbo ukaziba nyufa. Kwaru, kwaru. Zii, zii. Wapita njia nao wakapata pa kusimama.

"Bi Buku, kichanja cha vyombo hicho?"

"Ndege."

"Ndege! Wenzio wanaoruka wana ungo, we mama. Na huruka uchi!"

"Ungo nimempa mkeo," akasema Buku, "mwulize jana alikuwa wapi." Akaendelea kutafuna.

Tai naye akapita, akainama kutazama. Akacheka, kwa kwa kwa! "Ndege ni mimi. Hicho ni kitanda kilichovunjika. Kuruka ni kazi ya wenye manyoya, mama. Ninyi wa chini mna kazi zenu."

"Zipi?"

"Kuzaa," akasema Tai. Akaondoka zake.

Buku akapanda na ndege yake juu ya kichuguu, akajitupa. Puu! Pua ya ndege ikavunjika, na ya Buku ikachubuka. Akatengeneza upya. Akajitupa. Bawa la kushoto lilikuwa zito, ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, puu! Akapunguza bawa. Akajitupa mara ya tatu, na safari hii haikuanguka. Iliteleza hewani, fyuuu, hatua thelathini nzima, ikatua kama jani.

Hakuna aliyecheka. Mbuzi mmoja alisahau kutafuna.

"Inaruka!" akasema Buibui.

"Inateleza," akasema Buku. "Kutoka mlimani kurudi huku kutatosha, kule ni juu. Kwenda ndiko kugumu. Lazima ivutwe kwa kamba, kwa nguvu nyingi, ghafla, ndipo ipae. Wewe na mimi hatuna nguvu hizo."

"Nani anazo?"

Wakatazamana. Walimjua.

Mkuu wa Bondeni alikuwa Kiboko. Mtukufu Kiboko. Alikuwa na nguvu za kung'oa mti, na hakuna aliyewahi kumwona aking'oa hata jani la mboga. Kazi yake ilikuwa moja, kuwa mgeni rasmi. Alizindua daraja la gogo, na gogo lilipooza akalizindua tena. Alizindua choo cha nyani. Alizindua kisima kisicho na maji, akahutubia mpaka watu wakazimia kwa kiu kando ya kisima. Na kila mwezi mpevu Tai alimwangushia matikiti kutoka ng'ambo, makubwa, mekundu ndani. Ya nini? Ya kunyamaza. Watoto wa wenzake wanaliwa, yeye anatema mbegu.

Buku akamwendea akapiga goti. "Mtukufu, shikamoo. Ndege yetu imekamilika. Imebaki kitu kimoja tu, mvuto. Ungetuvutia kamba mara moja, moja tu, watoto wa Bondeni wangepona."

Kiboko akafungua jicho. "Mimi? Nivute kamba?"

"Mara moja, Mtukufu."

"Mama, mimi sivuti. Mimi nakata utepe. Siku ikiruka niite."

"Haitaruka bila kuvutwa."

"Basi usiniite." Akafumba jicho.

Yangeishia hapo tusingekuwa na hadithi. Lakini Tai alikuwa ameiona ile mara ya tatu, na kicheko kilikuwa kimemkauka. Akaenda kwa Kiboko akamnong'oneza sikioni, "Kitanda kile kikivuka korongo, matikiti basi."

Hapo Kiboko akaamka. Ajabu! Hakuamkia homa, hakuamkia vilio, ameamkia tikiti. Akaja mpaka uani kwa Buku, gudu, gudu, gudu, na Kasuku mpiga mbiu begani.

"Kitu hiki kinaruka kwa idhini ya nani?" akanguruma.

"Ya nani! Ya nani!" akapokea Kasuku.

"Kwa idhini ya mwanangu anayetaka kuishi," akasema Buku.

"Huyo hana muhuri. Nimeunda tume. Itachunguza kama kitu hiki kinafaa kuruka. Wakati tume inachunguza, kitu kinashikiliwa."

"Tume itamaliza lini?"

"Mama, tume ndiyo kwanza imeundwa, hata chai haijanywa, wewe unauliza itamaliza lini!"

Watu wa tume wakaibeba ndege ya matete wakaifunga nyuma ya nyumba ya Kiboko. Tume ikakaa. Ikala. Ikaahirisha. Ikakaa tena.

Mvua ikanyesha. Siku ya tatu ya mvua Siwema alisema, "Mama, nasikia baridi," na meno yakaanza, tetete, tetete.

Tai akabisha kabla mama hajatandika hata mkeka wa mgonjwa. "Nasikia mna homa humu. Majani ninayo."

"Bwana Tai, nina mmoja tu."

"Basi nauli ipo."

"Nikikupa huyo, majani nitampa nani?"

Tai akafikiri kidogo. "Hilo ni lako. Mimi ni msafirishaji." Akageuka, kisha akarudi mlangoni. "Nitakuja keshokutwa mchana. Mwogeshe kwanza. Sipendi matope."

Mwogeshe kwanza! Nimezeeka, nimesikia maneno mengi ya kuudhi, ila hilo bado sijalisamehe.

Bi Buku alitandika ule mkeka, akamlaza mwanawe. Kisha akasimama, akajipangusa mavumbi, akavaa uso wa adabu, akaenda kwa Kiboko.

"Mtukufu, nimekuja kuomba radhi. Tume yako imesema kweli."

Tume ilikuwa haijasema chochote, lakini Kiboko akaitikia. "Si niliwaambia?"

"Ulituambia. Ndege ile ni aibu. Nchi yenye mkuu wa ukubwa wako itakuwaje na ndege ya ukubwa wangu? Haina hata kiti cha mgeni rasmi."

Masikio ya Kiboko yakacheza. "Haina kiti?"

"Haina. Nataka nikutengenezee yako. Kubwa. Nzito. Ya mawe na magogo, yenye jina lako kwa chokaa. Tuisimamishe ukingoni mwa korongo ionekane mpaka ng'ambo. Keshokutwa asubuhi uizindue."

"Itaruka?" akauliza Kiboko, akikumbuka matikiti.

"Iruke wapi, Mtukufu? Kwani kisima ulichozindua kina maji?"

Kiboko akawaza. Ndege isiyoruka. Tai hatanuna, matikiti yatakuja, na utepe upo. Tumbo likacheka lote. "Mama, kumbe una akili! Na kile kitanda chako?"

"Nipe nikiweke nyuma yako, nami nikae ndani na mwanangu. Watu wakutazame wewe, kisha wageuke wapate cha kucheka."

"Kichukue!" akasema Kiboko. "Kichukue, kichekwe!"

Na sasa tazameni, maana hapa ndipo damu hunichemka. Wale wale wa tume, ambao hakuna hata mmoja aliyejitolea kumvutia mjane kamba mara moja, siku mbili nzima walibingirisha mawe kwa ajili ya kiti cha Kiboko. Walisukuma magogo, ehe, ehe, ehe! Jasho likawatoka. Kumbe nguvu zilikuwapo! Nguvu zilikuwapo siku zote!

"Ongezeni," Buku akawaambia. "Mtukufu huyu, au hamumheshimu?"

Wakaongeza. Wakaweka kiti cha jiwe. Wakaweka ngazi ya kupandia, na mnara wa kushika bendera. Wakaweka kiti cha pili, cha mgeni wa heshima, Bwana Tai. Na lote hilo liliwekwa juu ya vigogo vya mgomba vilivyomenywa, vyenye utelezi, pale ukingoni ambapo mwamba huteremka kuelekea shimoni. Lisiteleze, wakalifunga kwa kamba moja nene ya katani kwenye kisiki. Kamba hiyo Buku akaipaka udongo mwekundu. Mbele ya kiti cha mgeni rasmi ilipita sawasawa na mdomo.

"Hii nini?" akauliza Kasuku.

"Utepe," akasema Buku.

"Utepe! Utepe!" Kasuku akafurahi. "Na ile nyingine? Ile inayotoka chini ya kiti cha Mtukufu inakwenda nyuma mpaka kwenye pua ya kitanda chako?"

"Pambo. Huoni maua?"

Kweli Buibui aliivisha maua. Kasuku akaridhika. Mtu akishaona maua hachunguzi.

Asubuhi ya uzinduzi ikafika. Ngoma, dundu dundu dundu! Watu wa Bondeni wakajaa. Nyuma kabisa, kwenye mwamba ulionyooka, Bi Buku amekaa ndani ya ndege yake ya matete, Siwema mgongoni amefungwa kwa mbeleko, anatetemeka. Watu wakacheka mpaka wakashikana.

"Bi Buku, mnakwenda Maka?"

"Mtuletee tende!"

Buku aliinama mbele. Alikuwa anaipima kamba kwa macho.

Buibui akapanda jukwaani. "Kwa desturi ya uzinduzi, mgeni wa heshima huvishwa mshipi. Bwana Tai, inua kidevu." Akamzungusha uzi mweupe unaong'aa, zii, mara moja, zii, mara mbili, zii, mara kumi. Kifuani, mgongoni, juu ya mabawa.

"Mbona mrefu?" akauliza Tai.

"Ni kwa cheo, Bwana. Mfupi nimempa mwenyekiti wa tume."

Tai akavimba. "Ongeza," akasema.

Buibui akamwongezea. Kisha akateremka taratibu, akakimbia kwa miguu yake minane mpaka nyuma, akapanda bawa la kushoto. "Nipo, shoga. Nikiona ufa naushona."

Kiboko akapanda ngazi, gudu, gudu. Akakaa. Lile dude likalia, kriii. Akahutubia.

"Ndugu wananchi! Leo nchi yetu imepata ndege!"

"Ndege! Ndege!" akapokea Kasuku.

"Kuna watu wadogo walitaka kuruka bila utaratibu!"

"Bila utaratibu!"

"Watu hao wako nyuma yangu! Wageukieni muwacheke!"

Wakageuka, wakacheka. Siwema akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, wanatucheka sisi?"

"Ndiyo, mwanangu. Shika mama vizuri."

Mwenyekiti wa tume akaanzisha wimbo, wimbo ambao Buku aliwafundisha jana yake:

*Uma, Mtukufu, uma,*
*utepe wakungoja!*
*Uma, Mtukufu, uma,*
*nchi nzima yakungoja!*

Kiboko akafumbua kinywa, mmekiona kinywa cha Kiboko? Pango! Akauma utepe kwa meno yake makubwa. Kach!

Kimya kidogo. Kriii.

"Mbona kiti kina..." akasema Kiboko.

Srrrrrr! Lile dude likateleza. Mawe, magogo, ngazi, mnara, Kiboko juu yake na Tai ubavuni, likafika ukingoni, likainama, likaenda!

"Ruka, Bwana Tai!" akalia Kiboko.

"Nimevishwa!" akalia Tai.

Na lile pambo la maua likakazika, twaa! Likaivuta ndege ya matete juu ya mwamba, fyuuu, mbio ambayo Bondeni haijawahi kuiona. Watu wakarukia pembeni. Mwamba ukaisha. Buku akainama akaitia kamba meno, kwaru! Ikakatika.

Kule chini, chubwiiii!

Huku juu, kimya. Upepo tu.

Ndege ilikuwa hewani. Matete yalilia, jani moja la mgomba likachanika, na Buibui akalikimbilia akalishona, zii. Korongo likapita chini yao, lote, lile lililokula watoto wa miaka mingi. Lilipita haraka kiasi kwamba Buku alikasirika. Umbali wenyewe ndio huu? Kwa umbali huu ndiyo nimewatoa wawili?

Akatua ng'ambo, puu, juu ya majani machungu yenyewe. Akatafuna, akamlisha mwanawe mdomo kwa mdomo. Siwema akakunja uso, akatema.

"Machungu, mama!"

"Meza," akasema Buku, na hapo ndipo alipolia.

Alasiri akateleza kurudi, ndege imejaa majani mpaka kwenye bawa. Aliwapa wote. Hata waliomcheka? Hata wao. Watoto wao hawakucheka.

Tai alivutwa kutoka majini kwa mkia, ameloa, uzi umemganda, manyoya nusu. Akaondoka Bondeni kwa miguu, tope mpaka magotini, hakuogeshwa.

Na Kiboko? Kiboko kuzama hajui. Aliibuka bwawani na gugu kichwani, watu wakasimama ukingoni wanamtazama. Kasuku ndiye wa kwanza kupata sauti.

"Mtukufu ameruka!"

Kiboko akapepesa macho. "Nimeruka?"

"Umeruka! Umetua majini!"

"Nimeruka," akasema Kiboko polepole, akalipenda neno. "Bila hata manyoya."

Basi ikaandikwa. Mpaka leo shule za Bondeni huuliza, nani alikuwa wa kwanza kuruka? Andika Kiboko, upate vema. Andika Buku, ubaki kufagia darasa.

Buku aliambiwa hayo akainua mabega. Alikwenda kwa Kiboko akapiga goti. "Mtukufu, majani yataisha wiki ijayo. Uzinduzi wa awamu ya pili tuuweke lini?"

Kiboko akanyoosha shingo. "Utepe utakuwapo?"

"Utakuwapo."

"Na wimbo?"

"Na wimbo."

Na wiki hiyo ilipofika, kriii, srrrrr, chubwiiii! Na wiki iliyofuata, awamu ya tatu. Homa ikakosa mtoto wa kumla Bondeni.

Funzo, maana najua mlikuwa mnalingojea. Watoto, msijaribu kutengeneza kitu bila idhini. Ngojeni tume. Na waheshimuni wakubwa wenu, hasa wale wazito wasiofanya kazi, kwani bila wao hakuna ndege itakayopaa. Wapandisheni juu. Wakalisheni ukingoni. Wapigieni na makofi.

Hadithi yangu imetua!
*Imetua salama!*
Mkia mmeushika?
*Tumeushika!*
Umekazwa?
*Umekazwa!*
Basi msiuachie. Mwiteni Mtukufu, kiti kiko tayari.